Maisha Yangu: Nakala Chakavu Kutoka Mbarara

Wakusanyaji wa vitabu vya zamani hupenda nakala safi. Sisi tunakusanya chapa za mwanzo za yale maandishi ya Shaaban Robert yasiyosomwa sana, na zinazotufikia ni chakavu. Ya karibuni tuliipata Mbarara, chini ya rundo la vitabu vya mitumba: Maisha Yangu, chapa ya Nelson ya mwaka 1949, haina jalada na mgongo umeachia.

Wengi wetu tunakijua kitabu hiki kwa chapa ya 1966, kilipounganishwa na Baada ya Miaka Hamsini, miaka minne baada ya mwandishi kufariki. Humo msomaji hukutana na maisha yaliyokwisha. Chapa ya 1949 inamwacha mwandishi angali mtumishi wa serikali ya kikoloni, hajui yatakayomfika. Tofauti hiyo si ndogo.

Katika nakala yetu, kurasa za Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili zimechafuka kwa vidole, ilhali nathari haikuguswa. Ndivyo tunavyofundisha hata sisi: tunachomoa tenzi, tunahesabu mizani, tunaorodhesha maadili. Tunasahau kwamba kitabu kinaanza na unyumba na msiba wa Amina, mkewe. Anayeusia ni baba aliyebaki na watoto.

Tulizisoma sehemu hizo pamoja na wanafunzi wetu wa Nakivale, ambao wengi Kiswahili chao ni cha Kivu, na baadhi yao wamelelewa na shangazi au dada. Hawakuuliza habari za vina. Waliuliza kama baba huyu aliogopa kufa naye kabla watoto hawajakua. Swali hilo limetufaa kuliko miongozo kadhaa tuliyokwisha kuitumia.

Dosari zipo. Jina ni Maisha Yangu, lakini utoto wa mwandishi haumo (tungependa sana kuusoma). Tena usia kwa binti unakazia utii kiasi ambacho wanafunzi wa kike walikipinga waziwazi, nasi tunaona wana haki.

Nakala tumeishona kwa uzi wa viatu na kuivika karatasi ya kaki. Yupo mwenzetu anayetaka ifungiwe kabatini. Kwa sasa iko Nakivale, na kurasa za nathari nazo zimeanza kuchafuka.