Fremu Thelathini za Mtu Mwingine

Katika Lawrence of Arabia, filamu ya 1962, Lawrence anapuliza kijiti cha kiberiti na papo hapo jangwa linatokea, jua likikaribia kuchomoza. Skripti ilitaka picha ya kwanza iyeyukie ndani ya ya pili. Lakini enzi hizo mpito wa namna hiyo uliundwa maabara, kwa hiyo mhariri Anne V. Coates na mwongozaji David Lean waliziona kwanza picha hizo zikiwa zimeunganishwa kavukavu. Zikawapendeza, wakaziacha hivyo.

Leo mpito hauagizwi popote. Kwenye Adobe Premiere Pro, Ctrl na D hutosha: Cross Dissolve, mpito wa msingi wa programu hiyo, hukaa kwenye mkato. Urefu wake wa kawaida umekuwa fremu 30.

Hapo ndipo penye tatizo. Fremu 30 ni sekunde moja kwa video ya fremu 30 kwa sekunde, kasi iliyozoeleka Marekani. Kwa video ya fremu 25, kasi iliyozoeleka kwenye televisheni za Afrika Mashariki, ni sekunde 1.2. Katika mahojiano huo ni muda mrefu mno. Sura ya aliyemaliza kusema inaelea juu ya anayeanza. Fremu 8 hadi 12 zinatosha kabisa.

Urefu hubadilishwa kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya taimulaini. Anayetaka aina nyingine ya mpito huitafuta kwenye paneli ya efekti, huibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha huiweka kuwa ya msingi. Kazi hii ifanyike mapema, kwa sababu mipito iliyokwisha kuwekwa haifuati urefu mpya.

Kuna jambo ambalo mpangilio hauwezi kuliponya. Mpito wa fremu 12 uliokaa katikati ya mkato hula fremu 6 zilizofichwa za kila klipu. Klipu ikiwa imetumika hadi fremu yake ya mwisho, programu hurudia fremu hiyohiyo na picha inaganda. Dawa iko kwa mpiga picha: aache kamera iendelee kurekodi sekunde mbili tatu baada ya msemaji kunyamaza.

Sauti nayo ina mpito wake wa msingi, Constant Power, na huo hauna haja ya kuguswa. Mwenzake, Constant Gain, hushusha na kupandisha sauti kwa mstari ulionyooka, hivyo sauti mbili tofauti zinapopishana, katikati husikika kama zimezama.