Kukuza, Kuvuta na Kukaribia: Uhakiki wa Istilahi za Upigaji Picha wa Karibu

Maelekezo ya Kiswahili kwa watumiaji wa kamera za dijitali, pamoja na yale yanayoandikwa na walimu na maafisa ugani kwa ajili ya simu zenye kamera, yanazidi kuongezeka, na jambo hilo ni la kushukuru. Hata hivyo, tulipoyapitia kwa jicho la istilahi tuliona kwamba neno moja, “kukuza”, limetwishwa mzigo wa maneno matatu. Makala haya yanakusudia kuonyesha madhara ya jambo hilo. Mifano yetu tumeichukua Lushoto na kwingineko katika milima ya Usambara, mahali ambapo vitu vidogo vina thamani kubwa kwa mkulima na kwa mtaalamu wa mimea vilevile.

Kukuza, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kukifanya kitu kilichopo kiwe kikubwa zaidi. Picha ikishapigwa, mtu aweza kuikuza kwenye kioo cha simu kwa vidole viwili, au kuikuza kwenye karatasi. Lakini hapo haongezi habari yoyote iliyomo, bali anatandaza vitone vilevile juu ya eneo pana zaidi. Kuvuta ni tendo jingine. Mpiga picha amesimama palepale alipo, na lenzi ndiyo inayomletea kitu cha mbali machoni pake. Kukaribia ni tendo la tatu: kamera yenyewe husogezwa hadi sentimita chache kutoka kwenye kitu, na lenzi hupangwa iweze kuona vizuri katika umbali huo mfupi. Sasa, kamera nyingi ndogo hukaribia zaidi zikiwa hazijavutwa. Ukivuta lenzi, ule umbali mfupi kabisa unaoruhusiwa huongezeka, na kamera hushindwa kushika kitu kilicho mbele ya pua yake. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa “kuza ua”, akavuta lenzi hadi mwisho kisha akalisogelea ua, amefanya matendo mawili yanayopingana. Hakukosea yeye, sentensi ndiyo iliyomkosesha. Kwenye simu mambo huharibika zaidi, maana kuvuta kunakopita uwezo wa lenzi ni kukuza tu kwa jina jingine.

Suala hili si la kupamba lugha. Mabonde ya Lushoto hulimwa nyanya kwa wingi, na tangu mwaka 2014 nchi yetu imekuwa na mdudu aitwaye kantangaze, jina ambalo kwa maoni yetu lina uhai kuliko mengi yaliyotungwa vikaoni. Kiwavi wake hujichimbia kati ya ngozi mbili za jani na kuacha mabaka mapana. Vidomozi nao, ambao ni funza wa inzi wadogo, huchimba pia ndani ya jani, ila njia zao ni nyembamba na hupindapinda. Afisa ugani aliye mbali huomba picha. Akiandika “kuza jani”, atapokea picha iliyopigwa kutoka kimo cha mtu aliyesimama kisha ikakatwa na kutandazwa, yenye rangi ya kijani na doa lisilojulikana ni la nani. Mkulima hununua dawa isiyohusika, na msimu haungoji. Laiti angeandikiwa: “Karibia jani hadi sentimita kumi, usivute, linyanyue lielekee mwangani,” kiwavi mwenyewe angeonekana ndani ya baka kama kivuli.

Wapo wanaotumia “makro”, na neno hilo hatuna ugomvi nalo likibaki kwa mafundi. Kwao lina maana mahususi: picha ambayo taswira iliyo ndani ya kamera inalingana kwa ukubwa na kitu chenyewe, moja kwa moja. Lakini kwa mtumiaji wa kawaida halisemi lolote, na kwa aliyesoma uchumi linasema jambo jingine kabisa. Watengenezaji wa kamera wenyewe walikwepa tatizo kwa kuchora ua dogo kwenye kitufe. Tumewasikia walimu wakisema “weka kwenye ua”, na wanafunzi wakaelewa, ingawa baadhi yao hudhani kwamba hali hiyo haifai kwa panzi. “Picha ya karibu” nayo inaeleweka, lakini ofisini ina jirani mbaya: fomu ngapi zinadai “picha ya hivi karibuni”? Ndiyo maana tunapendelea kitenzi. “Hali ya kukaribia” humwambia mtumiaji jambo analopaswa kulitenda kwa miguu na mikono yake.

“Picha kali” ni kosa la namna nyingine. Kisu ni kikali, jua ni kali, mwalimu ni mkali. Na vijana wa leo wakisema picha ni kali wanaisifu tu, hata kama haionyeshi kitu. Tunapendekeza “picha bayana”, na nomino yake iwe “ubayana”. Kinyume chake kimezoeleka kuwa “picha yenye ukungu”. Huenda sitiari hiyo ikafaa Dodoma. Mwandikie mtu wa Magamba au Shume kwamba picha yake ina ukungu, naye atakujibu, kwa haki kabisa, kwamba hata yeye aliuona na kwamba ukungu huo kwa kawaida huondoka saa nne. Isitoshe, neno hilo linaficha sababu mbili ambazo dawa zake hazifanani: picha iliyotikisika, kwa kuwa mkono au jani havikutulia, na picha iliyokosa fokasi, kwa kuwa kamera ilishika kitu kingine. Yafaa kila moja itajwe kwa jina lake. Kwa sababu hiyohiyo hatuafiki “kulenga” mahali pa “kuweka fokasi”. Mwindaji aliyelenga amekwisha kuelekeza bunduki. Mpiga picha aliyeelekeza kamera kwenye ua hajawa na uhakika kwamba ua ndilo lililo bayana, wala si jani lililo nyuma yake.

Istilahi iliyotusumbua kuliko zote ni “kina cha uga”. Imetafsiriwa neno kwa neno, na msomaji anabaki akitafuta uga huo uko wapi na umechimbwa na nani. Kinachosemwa ni jambo rahisi. Mbele ya lenzi kuna tabaka ambamo vitu huonekana bayana. Vilivyo mbele yake na nyuma yake hufifia. Kadiri kamera inavyokaribia ndivyo tabaka hilo linavyokuwa jembamba, hadi milimita chache tu. Tunapendekeza basi “tabaka la ubayana”, ambalo huwa nene au jembamba.

Faida yake huonekana msituni. Chukua lile ua ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliihamishia jamii hiyo yote katika Streptocarpus, lakini vinyweleo havikuhama. B. L. Burtt, aliyeziainisha aina hizo katika miaka ya 1950 na 1960, akiwemo shumensis iliyobeba jina la Shume, alitegemea sana vinyweleo vya jani, urefu wao na jinsi walivyolala au kusimama. Picha inayokusudiwa kwa utambuzi ni lazima ivionyeshe. Mwenye kuelewa kwamba anashughulika na tabaka jembamba atasimamisha kamera sambamba na jani, ili jani lote liingie katika tabaka. Kisha atapiga nyingine kutoka ubavuni, vinyweleo vionekane vikiwa vimesimama. Aliyesoma “kina cha uga” hana pa kuanzia. Kadhalika kwa kinyonga: ikiwa tabaka halimtoshi mzima, lipewe jicho. (Na tukumbuke kwamba mwaka 2006 wanasayansi waliunda jenasi Kinyongia kutokana na neno letu, bila kutuomba samahani wala kulitafsiri.)

Tabaka hunenepeshwa kwa kupunguza tundu la lenzi, na hapo pana mtego: namba kubwa ni tundu dogo. Mfasiri aliyeandika “ongeza tundu” kwa kuitazama namba amegeuza maana juu chini. Aandike “panua tundu” au “finya tundu”, na namba aiite namba ya tundu. Ajaze pia sentensi inayofuata, kwamba tundu likifinywa katika kiza cha msitu, kamera hufumbua jicho kwa muda mrefu zaidi, na mikono mitupu haitoshi.

Kuhusu kifaa hicho cha kuegemezea kamera, chenye miguu mitatu, hatujaridhika na jina lolote tulilolikuta. “Stendi” ni ya mabasi. Kwa kuwa lugha nyingine za Kibantu ni hazina yetu ya pili baada ya Kiswahili chenyewe, walimu wa Lushoto, Bumbuli na Korogwe wanaombwa watuletee neno la Kisambaa litakalofaa, pamoja na sentensi mbili au tatu zinazoonyesha jinsi linavyotumiwa nyumbani.