Asili ya Neno "Cuvânt"

Katika Kiromania neno huitwa cuvânt, na asili yake ni Kilatini conventum. Lakini kwa Warumi conventum halikuwa neno litamkwalo. Lilikuwa mkutano au mapatano, kwa kuwa lilitokana na kitenzi convenire, yaani kuja pamoja.

Mabadiliko ya sauti hayana utata. Mwisho -um ulianguka, o ikawa u, n iliyotangulia v ikatoweka, na e iliyofuata v ikageuka kuwa â, kama ilivyogeuka ventus, yaani upepo, likawa vânt. Lililo gumu ni maana. Watu walikutana wakazungumza. Mazungumzo yakatwaa jina la mkutano. Hatimaye kila tamko likaitwa kwa jina hilo. Ushahidi wa hatua ya katikati umo katika Kialbania, ambacho kililipokea neno hilohilo: kuvend yake ni baraza, na pia ni mazungumzo. Kifaransa, Kitaliano na Kihispania vilishika njia nyingine, kwani parole, parola na palabra zatoka kwa parabola, yaani mfano. Safari ya cuvânt haiwezi kumshangaza Mswahili, ambaye baraza lake ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, na pia ni wale wakaao kushauriana.

Hapo ndipo kosa la A. T. Laurian na I. C. Massim laonekana. Katika kamusi yao iliyotolewa kati ya 1871 na 1876, maneno yasiyodhaniwa kuwa ya Kilatini yalitengwa katika kitabu cha pekee, kana kwamba ni magugu. Kwa kipimo hicho cuvânt ni mwana wa nyumbani, bali a iubi, kupenda, lenye asili ya Kislavoni, ni mgeni wa kufukuzwa. Lakini Roma ilitoa umbo tu. Maana ya "neno" haikuwamo katika conventum. Ilizaliwa vinywani mwa watu wa Balkani waliokutana na kusemezana, na jirani zao Waslavoni walikuwa miongoni mwa waliosemezana nao. Basi neno lililotukuzwa kwa usafi wa nasaba lashuhudia lenyewe kwamba lugha hufanywa na makutano. Waromania hawakuifuata kamusi ile. Hata leo hupenda kwa kitenzi cha Kislavoni.