Kuuzwa, Kuhama au Kuhamishwa? Istilahi Moja ya Kandanda ya Kimarekani

Habari fupi za michezo huweza kumtatiza mfasiri kuliko hotuba ndefu. Tuchukue mfano mmoja wa kandanda ya Kimarekani. Mwezi wa Oktoba 2017, klabu ya New England Patriots ilimtoa Jimmy Garoppolo, kwotabeki wa akiba nyuma ya Tom Brady, akaenda San Francisco 49ers. Tendo hilo tuliite nini?

Mazoea ya soka yanatuvuta tuseme "ameuzwa". Neno hilo lafaa pale klabu moja inapoilipa nyingine fedha. Lakini walichopata Patriots ni zamu ya 49ers ya kuteua mchezaji chipukizi katika duru ya pili ya uteuzi wa mwaka 2018. Asomaye "ameuzwa" atauliza bei, na bei hapana. Tena, katika pwani iliyopata kuwa na masoko ya watumwa, kumwuza mtu si tamko la kutumiwa ovyo.

Wengine watapendelea "amehama". Hapa kosa ni kubwa zaidi, kwani mchezaji anafanywa kuwa mtenda. Katika ligi hiyo mkataba huhamia klabu mpya pamoja na mchezaji, na ridhaa yake haihitajiki isipokuwa mkataba wenyewe umempa haki ya kukataa.

"Amebadilishwa" linakaribia maana, ila limekwisha kupewa kazi nyingine uwanjani. Tukiandika "kwotabeki wa akiba amebadilishwa", msomaji ataelewa kwamba aliingizwa mchezoni, kisha akatolewa.

Kwa maoni yetu, lifaalo ni "kuhamishwa kwa mabadilishano". Kila mtumishi wa serikali anajua tofauti ya kuhama na kuhamishwa: kauli ya kutendeshwa yaonyesha kwamba amri imetoka kwa mwingine. Lakini mtumishi ahamishwapo hubaki kwa mwajiri yule yule, na mchezaji huyu hupata mwajiri mpya. Ndiyo maana "kwa mabadilishano" haliwezi kuachwa. Klabu zikiwa ndizo kiima, "kubadilishana" latosha. "Kwotabeki" nalo tuliache kama tulivyoliacha "golikipa". Kulifasiri kwa "robo" hakumsaidii mtu kujua kwamba huyo ndiye mwongozaji wa mashambulizi na mrushaji wa mpira.

Tulipime pendekezo hili kwa habari nyingine. Februari 1992, Brett Favre alihamishwa kwa mabadilishano kutoka Atlanta Falcons kwenda Green Bay Packers. Alikuwa wa akiba, na katika msimu wake wa kwanza alikuwa amerusha mpira mara 4 tu, bila hata mmoja kudakwa na mwenzake. Falcons walipata zamu moja ya duru ya kwanza. Januari 1997, Favre aliwaongoza Packers kutwaa ubingwa. Kwa neno "mabadilishano" msomaji huuliza mara moja: Falcons walitoa nini, wakapata nini? Hilo ndilo swali ambalo Wamarekani wenyewe huliuliza, na "ameuzwa" lingalilificha.

Wafasiri na walimu watakaolijaribu neno hili watuandikie pale litakapowakwaza, ili lirekebishwe kabla halijazoeleka.