Kumi na Moja kwenye Mfuniko wa Boksi

Duka lenyewe ni dogo, linauza viatu vya watoto, na liko hatua chache tu kutoka Mtaa wa Msimbazi ukikata kuelekea Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Ndani, juu ya kalenda, mwenye duka amebandika kwa selotepu mfuniko wa boksi la viatu. Ameandika kwa maka peni nyeusi: TAIFA STARS YA NDOTO. Chini yake kuna safu hii:

1 Mensah
2 Kapombe
3 Tshabalala
4 Tenga
5 Jella
6 Novatus
7 Msuva
8 Fei
9 Mmachinga
10 Samatta
11 Lunyamila

Kwenye namba kumi kuna jina lililokatwa mstari mmoja, na bado linasomeka: Kibadeni. Jina hilohilo limeandikwa tena chini kabisa, upande wa kulia, nje ya safu, bila namba.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, na Kariakoo nzima inapanga kikosi. Ukinywa kahawa utapangiwa kikosi, ukinunua jezi utapangiwa kikosi. Tumezoea kubishana juu ya majina yaliyomo. Hapa nataka kuutazama mfuniko kama tunavyolitazama shairi: umbo lake, utaratibu wake, kilichofutwa na kilichoachwa. Kikosi cha ndoto ni utungo wenye kanuni zake, na mtunzi akizifuata kanuni hizo bila kuziona, zinamwamulia mambo ambayo hakukusudia kuyaamua.

Usome kwanza kwa sauti. Kijana wa dukani aliponisomea, alisoma kwa namna ile ya watangazaji wa Radio Tanzania kabla mpira haujaanza: jina, pumzi, jina, pumzi. Ndipo sikio langu likazinduka. Majina manane kati ya kumi na moja yanaishia kwa sauti ya a. Mensah, Tshabalala, Tenga, Jella, Msuva, Mmachinga, Samatta, Lunyamila. Matatu tu ndiyo yanayotoka nje ya kina: Kapombe, Novatus na Fei. Mizani nayo ina mwendo wake. Kipa ana silabi mbili. Mabeki wa pembeni wanarefuka, tatu kisha nne. Halafu unafika katikati ya ulinzi: Tenga, Jella, mbili na mbili, kama miimo ya mlango. Na mwisho kabisa Lunyamila, silabi nne zinazokimbia hadi kwenye kibendera cha kona.

Sidai kwamba mzee mwenye duka alikaa akahesabu silabi. Ninachosema ni kwamba kikosi cha ndoto kinaishi mdomoni kabla ya kuishi kwenye karatasi. Kinasomwa mara mia kijiweni, na kila kikisomwa ulimi unakitengeneza, unaacha jina linalokwaza na kushika linaloteleza. Ndiyo sababu mtu anaweza kukitaja kikosi cha miaka arobaini iliyopita bila kusita, huku cha wiki iliyopita kimemtoka.

Angalia pia kila mmoja ameitwaje. Mensah ni jina la utani la Juma Pondamali, na limelifunika jina lenyewe kiasi kwamba mwandishi hakuona haja ya kulieleza. Jella Mtagwa, beki wa Stars ya 1980, ameitwa kwa jina lake la kwanza, kama mtu wa nyumbani. Jirani yake, Leodegar Tenga, ameitwa kwa jina la ukoo, nami naona sababu: Tenga baadaye akawa rais wa TFF, shirikisho la soka nchini, kuanzia 2004 hadi 2013, na cheo kimerudi nyuma kikabadilisha hata jina la beki kijana. Wawili hawa walikwenda pamoja kwenye AFCON ya Nigeria mwaka 1980. Kwenye mfuniko mmoja amebaki ndugu, mwingine amekuwa mheshimiwa.

Halafu kuna jambo ambalo huligundui mpaka uandike majina kamili. Namba tatu ni Mohamed Hussein. Namba tisa naye ni Mohamed Hussein. Mmoja ni beki wa kushoto wa zama zetu, mwingine mfungaji wa Yanga wa miaka ya tisini. Ondoa Tshabalala na Mmachinga na kikosi kitakuwa na mtu mmoja anayecheza nafasi mbili. Wasomi wa mpira hulidharau jina la utani, wakiliona pambo la magazeti. Hapa linafanya kazi ya sarufi: linatenganisha kilichofanana. Bila hilo utungo haueleweki.

Namba zenyewe ndizo zilizonishughulisha zaidi. Kwetu mtu hasemi fulani ni kiungo mkabaji. Anasema anacheza namba sita. Namba nne na tano ni mabeki wa kati, nane ni kiungo wa juu, tisa ni mfungaji. Tunazitamka kana kwamba zimeshuka na mpira wenyewe. Lakini Argentina kiungo mkabaji ni namba tano, na Uingereza ya zamani alikuwa namba nne, huku sita akirudi kucheza beki. Namba hizi zilizaliwa wakati timu zilipanga mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, na mfumo ulipobadilika kila nchi ilizishusha namba kwa njia yake. Hii ya kwetu ni lahaja, na ni lahaja nzuri. Ila ina hukumu ndani yake. Anayeandika kuanzia moja hadi kumi na moja anapanda kutoka golini kwake kwenda golini kwa wenzake, na kadiri anavyopanda ndivyo mkono unavyochangamka. Utazame mfuniko: namba nne, tano na sita zimeandikwa mara moja, bila kusita. Wino mwingi uko kwenye tisa na kumi. Hapo ndipo palipokatwa, palipoandikwa juu, palipokolezwa.

Nilimuuliza mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Huyu wa pembeni huku, Kibadeni, ni namba ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Huyo hana namba. Huyo ni Kibadeni."

Jibu hilo lilinikaa. Mtu wa Msimbazi, yaani wa Simba, hawezi kumtoa Abdallah Kibadeni, aliyefunga matatu Simba ilipoipiga Yanga sita bila, Julai 19, 1977. Pia hawezi kumtoa Mbwana Samatta, mchezaji bora wa Afrika wa ligi za ndani wa mwaka 2015 akiwa TP Mazembe, Mtanzania wa kwanza kufunga kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Nafasi ni moja. Umbo limemkatalia mzee, naye amelivunja umbo: amemtoa Kibadeni kwenye safu na kumpa ukingo wa boksi. Kwangu hapo ndipo penye uzuri mkubwa kuliko pote katika mfuniko huu. Mstari ule wa kukata ungeweza kufichwa, mfuniko mwingine ungeweza kuandikwa. Maboksi duniani hayaishi, na dukani mle yamejaa. Aliuacha makusudi ili kila anayeingia kununua kiatu aone kwamba uamuzi ulimuuma.

Tena tazama haki aliyoitenda mwana Msimbazi huyu. Tisa na kumi na moja amewapa Mmachinga na Edibily Lunyamila, watu wa Jangwani, yaani Yanga. Kikosi cha ndoto cha mtaa huu husomwa kwanza kwa hesabu: wangapi wa kwetu, wangapi wa kwao. Na hesabu yenyewe haitulii. Mzee aliandika Tshabalala wakati beki huyo ni wa Simba, miaka nenda rudi. Mwaka 2025 Tshabalala akahamia Yanga. Hakuna herufi iliyobadilika kwenye mfuniko, lakini neno la tatu sasa linasomeka vingine, na wateja wa Msimbazi wanapofika hapo sauti zao zinashuka. Maandishi yamebaki palepale. Maana imevuka barabara.

Sasa nigeukie upungufu, kwa kuwa upo, na naona unatugharimu. Unaonekana vizuri ukiulinganisha mfuniko na raga.

Kenya wana timu ya taifa ya raga ya wachezaji kumi na watano, inaitwa Simbas, jina ambalo lingepokelewa vizuri mtaani kwetu. Mpenzi wa raga akipanga kikosi cha ndoto hapangi watu kumi na watano. Anapanga ishirini na watatu. Namba 16 hadi 23 ni za benchi, na ziko kwenye orodha kwa sababu sheria za mchezo wenyewe zinadai wawepo wa akiba wanaojua kazi ya mstari wa mbele wa skramu. Isitoshe, kwenye raga namba bado ni kazi: tisa ni tisa popote duniani, na kumi haiwezi kuandikwa bila kuifikiria tisa, kwa kuwa mpira unatoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ni orodha ambayo kila jina linamtegemea jirani.

Mfuniko wetu hauna benchi. Hauna kadi nyekundu, hauna msuli uliovutika dakika ya ishirini. Kubwa zaidi, hauna mpinzani. Ni sentensi ya nomino tupu, isiyo na kitenzi. Kila mchezaji amesimama katika siku yake bora, wa 1980 kando ya wa leo, na hakuna anayempa mwenzake mpira.

Kiswahili kinatufundisha vizuri hapa. Ukisema "viatu," umeshaamua neno litakalofuata litaanzaje: vizuri, vyeusi, vimeisha. Nomino moja inatawala sentensi nzima. Kikosi nacho kinataka neno la kutawala, na kwa macho yangu neno hilo ni namba sita. Ukimweka Novatus Dismas pale, mtu aliyecheza kiungo na beki pia, umeshaamua kwamba mabeki wako wa pembeni wanaweza kupanda, kwamba Fei anaweza kukaa karibu na goli, kwamba Msuva hatarudi kukaba hadi kwenye boksi letu. Ukiweka mtu wa aina nyingine, yote hayo yanabadilika. Mzee ameandika jina sahihi, lakini ameliandika la sita, baada ya kuwa watano wamekwishaandikwa bila kumuuliza. Upatanisho umekuja baada ya sentensi.

Na matokeo ya AFCON yanasema hivyohivyo. Mwaka 1980 Stars ilifunga mabao matatu katika mechi tatu, moja la Juma Mkambi na mawili ya Thuwein Waziri. Ikafungwa sita, ikatoka. Mwaka 2019 kule Misri tulikuwa na Samatta na Msuva, washambuliaji wa kujivunia, wote wawili wakaifunga Kenya. Tukafungwa manane katika mechi tatu na kurudi bila pointi. Ivory Coast, Januari 2024, tulifunga bao moja tu, lakini baada ya kufungwa matatu na Morocco tulifungwa moja tu katika mechi mbili, tukatoa sare na Zambia na DR Congo. Kule Morocco, kwenye fainali za 2025, hatukufungwa zaidi ya mawili katika mechi yoyote. Sare mbili, na Uganda na Tunisia, zikatupeleka kumi na sita bora kwa mara ya kwanza, na wenyeji wakatutoa kwa bao moja. Tulichosogea, tulisogea kwa nne, tano na sita, namba ambazo kwenye mfuniko hazikubishaniwa hata kidogo.

Kuna wasiokuwemo pia, na umbo hili ndilo linalowaacha nje. Peter Tino, ambaye bao lake la Ndola mwaka 1979 lilitupatia sare na Zambia na tiketi ya kwanza ya AFCON, hayumo. Thuwein hayumo. Kikosi cha ndoto huuliza nani alikuwa fundi, hakiulizi nani alifanya nini siku ilipohitajika. Silalamiki juu ya jina moja. Nasema swali lenyewe limeulizwa nusu.

Kama mzee angenipa maka peni, nisingefuta jina. Ningegeuza mfuniko, upande wa ndani ambao bado ni mweupe, nikaanza katikati: sita. Kisha nne na tano, walio nyuma yake. Kisha nane. Pembeni baadaye, mbele mwisho, na chini yao benchi lenye majina, lisiloachwa wazi. Kibadeni ningemrudisha palepale ukingoni alipo, bila namba, maana hapo hakuna cha kusahihisha.

Nawe unayepanga chako wiki hii, kijiweni au nyumbani, jaribu kuanza na sita uone majina mangapi yatakubali kukaa pale ulipoyazoea. Tunao muda, na uwanja safari hii ni wetu. Katika fainali nne za AFCON, Taifa Stars imecheza mechi kumi na tatu. Imetoa sare tano, imefungwa nane, na haijashinda hata moja.