Kutafuta Mto wa Trauti Katika Nchi ya Chai

Mtu akaaye Kisumu, aliyejaliwa kuwa na ufito mwepesi wa kuvulia na kisanduku cha nzi wa manyoya, huliona ziwa limetandaa mbele ya macho yake akadhani kwamba neema ya samaki imekwisha kumfikia mlangoni. Walakini samaki ambaye ustadi wa nzi bandia ulibuniwa kwa ajili yake, yaani trauti, hawezi kudumu katika maji yale. Ziwa liko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji yake aghalabu huwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, ilhali Kericho, mji ambao kwa barabara ipitayo Ahero na Awasi hauzidi sana kilomita 80, umekaa penye mita 2,000 na zaidi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi, na maji ya kijito huifuata hewa kwa ukaribu. Kwa hiyo atafutaye mahali pa kuvua trauti karibu na mji mkubwa sharti apime kwanza kimo, kisha kivuli, kisha udongo wa nchi ambayo mto unaipitia, na samaki mwenyewe awe wa mwisho katika hesabu; nami nasadiki kwamba wengi warudio mikono mitupu wameianza hesabu hii kutoka mwisho wake.

Trauti si mwenyeji wa nchi hizi. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905 kwa juhudi za Ewart Grogan, yakatiwa katika mto Gura wa milima ya Aberdare, na miaka michache baadaye akaja trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, ambaye huvumilia joto kidogo zaidi kuliko mwenziwe na ndiye aliyeenea kwa wingi. Kutoka huko vifaranga vilichukuliwa katika madebe ya maji baridi vikamiminwa katika mito mingine ya nyanda za juu, mmoja baada ya mwingine, na makampuni ya chai yalipoanza kupanda Kericho katikati ya miaka ya 1920, yakiwamo Brooke Bond na James Finlay, nchi ya Wakipsigis nayo ikaingia katika orodha ya mabonde ambamo mabwana shamba walipenda kwenda kuvua siku za mapumziko. Muradi wa kuyakumbusha haya ni kwamba kila mahali penye trauti pana sababu mbili: kwamba mtu alimleta pale, na kwamba maji yalimkubali akae. Sababu ya kwanza imekwisha kufanyika na haiwezi kuchunguzwa kwa macho, lakini ya pili imeandikwa juu ya nchi yenyewe, na ajuaye kuisoma huisoma.

Kazi huanzia mezani, kwa ramani ya kipimo cha 1 kwa 50,000. Chukua kalamu ya risasi ukaufuate mstari wa kontua wa mita 2,000 kutoka kaskazini ya Kericho hata kusini ya Bomet, kisha ukaufuate mpaka wa Msitu wa Mau Kusini-Magharibi, ambao siku hizi mahali pengi umewekewa alama na ukanda wa chai wa serikali, ule wa Nyayo ulioanzishwa mwaka 1986 ili uwe kizuizi baina ya msitu na mashamba. Mistari hii miwili haiendi sambamba: mahali pengine husogeleana hata ikakaribia kugusana, na mahali pengine hutengana kwa mwendo mrefu. Mto ukitoka msituni karibu na kontua ile, au juu yake kidogo, ukapokewa na mashamba ya chai, hapo pana haja ya kwenda. Na ukitoka msituni ukapita kilomita nyingi katika mashamba ya mahindi na viazi kabla mtu hajaweza kuufikia kwa barabara, basi jina lake na lifutwe bila huruma.

Kwa mizani hiyo, Itare na Kiptiget ndiyo mito ya kutazamwa kwanza, nayo ina sifa ya zamani kwa trauti. Yote miwili huteremka kutoka Mau, hupita kandokando ya chai, na hatimaye hujiunga na wenzao, Chemosit na Kipsonoi, kuwa mto Sondu unaoingia Ziwa Viktoria ukiwa umekwisha kuwa mto mwingine kabisa, wenye joto na rangi ya kahawa, ambamo hutawala ningu na jamaa zake. Upande wa Bomet mambo ni magumu zaidi. Nyangores ni mto mzuri kuutazama, na poromoko lake la Tenwek, ambalo hospitali ya pale hulitumia kujipatia umeme, huwavuta wageni. Lakini kabla ya kufika hapo mto umekwisha kukusanya udongo wa mashamba mengi madogo, na kutoka hapo huendelea kukutana na Amala wakawa mto Mara, ambao ni maji ya viboko na mamba. Mwenye nzi bandia akitaka kufanya lolote katika Nyangores na apande hadi ukingo wa msitu, au abaki Kericho.

Hapa nitakaa kidogo juu ya habari ya udongo, maana ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Nzi bandia hana harufu wala ladha. Humhadaa samaki kwa jicho tu, na maji yakichafuka hadaa yote imebatilika, hata kama trauti wamejaa chini yake. Basi swali ni hili: mto upi husafika upesi baada ya mvua? Jibu lake lilianza kutafutwa kwa njia ya kitaalamu papa hapa Kericho, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, wakati shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake Muguga, kwa uongozi wa H. C. Pereira, lilipochagua mabonde mawili ya jirani, moja la Sambret, ambalo sehemu ya msitu wake ilikatwa ikapandwa chai, na la pili la Lagan, ambalo msitu wake uliachwa vile vile, likapima mvua iliyoingia na maji yaliyotoka. Ikadhihirika kwamba chai ilipokuwa changa, na ardhi ingali wazi, maji ya ghafla baada ya mvua yalizidi. Lakini majani yalipokwisha kukutana na kuifunika ardhi, tofauti baina ya mabonde mawili ikapungua sana. Wachunguzi waliorudi katika Mau hiyo hiyo katika miaka ya 2010 walipima matope yenyewe, wakakuta kwamba bonde la mashamba madogo hutoa matope mengi zaidi kuliko bonde la chai na kuliko bonde la msitu. Haya hayakufanywa kwa ajili ya wavuvi, lakini sijui kitabu cha uvuvi kilichomsaidia mtafutaji wa Kericho kuliko vipimo hivi.

Mvuvi asiye na vyombo vya maabara anaweza kuyapima hayo kwa chupa ya kioo. Jioni baada ya mvua ateke maji darajani, na asubuhi inayofuata ateke tena mahali pale pale, kisha aweke nyuma ya chupa karatasi yenye maandishi. Maandishi yakisomeka asubuhi, mto huo unafaa. Yasiposomeka, aende daraja jingine. Na asiyekuwa na wasaa wa kungoja amwulize mchunga ng'ombe au mama achotaye maji. Lakini auulize mto, asiulize samaki: katika nchi ya wafugaji, ambako samaki hakuwa chakula cha desturi, swali la samaki hujibiwa kwa adabu tu, pengine kwa kumridhisha mgeni, ilhali habari ya maji yapi husafika upesi na yapi hukaa mekundu hadi siku ya pili kila mtu anaijua kwa yakini, kwa kuwa ni habari ya nyumba yake. "Mama, maji haya hukaa machafu mpaka lini?" ni swali litakalojibiwa kwa saa na kwa siku.

Kipimajoto huja baadaye, nacho hakihitaji ufundi: kitiwe mahali pa mkondo, penye kivuli, mchana wa saa tisa, ambao ndio wakati wa joto kuu. Trauti hustarehe baina ya nyuzi 10 na 16, huanza kutaabika zikipita 20, na zikikaribia 25 hufa. Liko jambo moja la nyanda za juu ambalo vitabu vya Uingereza havina haja ya kulitaja. Hewa ya mita 2,000 ni nyepesi, na maji huko hushika kadiri ya asilimia 78 tu ya oksijeni ambayo yangaliishika pwani kwa joto lile lile. Maji ya nyuzi 12, ambayo pwani yangalikuwa na miligramu 10.8 kwa lita, huku juu huwa na 8.5, na ya nyuzi 20 hushuka kutoka 9.1 hadi 7.1. Kupanda juu, basi, humpa trauti baridi na papo hapo humnyang'anya pumzi, na kinachosawazisha hesabu ni maporomoko na mawe, ambayo huyavunja maji na kuyachanganya na hewa. Kwa sababu hii kilindi kitulivu kilicho chini ya poromoko hushinda kilindi cha ukubwa ule ule kilicho katikati ya mkondo wa taratibu, na mvuvi asidanganyike na uzuri wa hicho cha pili.

Kuhusu saa, Kericho ina kanuni ambayo haikosi ila mara chache. Upepo wenye unyevu kutoka ziwani hupanda mteremko, hukutana na pepo za mashariki juu ya Mau, na alasiri mvua hunyesha, mara nyingi ikiwa na mawe. Nayo mawe hayo huiharibu chai kiasi kwamba katika miaka ya 1960 makampuni yalijaribu kuyavunja mawinguni kwa roketi na kwa ndege. Mvuvi hana roketi, lakini ana asubuhi. Kuanzia mapambazuko hadi adhuhuri maji yako katika usafi wake wa juu kabisa, na mwenye kutoka Kisumu alfajiri hufika kwa wakati. Desemba hadi Februari mvua hupungua, mto hupungua nao, na samaki huwa na hadhari nyingi. Aprili na Mei huzidi, na chupa ya kioo haina jibu jema la kutoa. Kalenda za Ulaya, zinazohesabu wadudu kwa majira, hazina kazi hapa, kwa kuwa wadudu wa mtoni karibu na ikweta huzaliwa mwaka mzima.

Amekwisha kufika sasa. Asikimbilie ukingoni. Katika uvuvi wa kawaida chubwi ndiyo ibebayo chambo, lakini katika uvuvi huu mshipi wenyewe ndio uzito, na nzi hana uzito wowote. Ndiyo sababu mshipi unahitaji nafasi nyuma ya mvuvi kabla haujatupwa mbele, na kando ya Itare nafasi hiyo haipo, maana miti na vichaka vimeinama juu ya maji. Aliyejifunza katika bwawa lenye majani mafupi pande zote hujiona mjinga kwa muda. Dawa ni kuingia majini, kupanda kinyume cha mkondo ili awe nyuma ya samaki, ambao daima huelekeza vichwa mkondo utokako, na kutupa mshipi mfupi penye mpaka wa maji ya kasi na maji ya pole, chini ya mzizi au ubavuni mwa jiwe. Nzi wa rangi nyeusi hutosha. Yupo mmoja aitwaye Kenya Bug, mweusi, mnene, asiye na mapambo, ambaye amekubaliwa tangu zamani. Na ikiwa kisanduku kimetoka Ulaya, kuna uwezekano mkubwa kwamba yaliyomo yalifungwa kwa mikono ya mafundi wa Kenya, kwa kuwa nzi wengi wauzwao huko hutengenezwa Nairobi.

Yako pia mabwawa ya mashamba ya chai. La Chagaik, karibu na bustani ya miti iliyopandwa baada ya vita kuu ya pili, linajulikana sana kwa uzuri wake. Bwawa humwondolea mvuvi taabu yote niliyoieleza, kwa kuwa aliyelijenga amekwisha kumchagulia mahali, na kwa mwanafunzi wa kutupa mshipi ni shule njema. Mimi binafsi nauona uvuvi wake kuwa mkavu. Mabwawa haya, pamoja na njia nyingi zishukazo mtoni, yamo ndani ya ardhi ya makampuni, na ruhusa ya ofisi ya shamba ni faradhi, pamoja na leseni ya uvuvi. Na anayetaka kupanda kupita ukanda wa Nyayo akaingia msituni lazima aanzie kwa askari wa msitu, ambaye, fauka ya kumpa ruhusa, atamwambia tembo wamelala upande gani.