Vazi la Jukwaani na Sauti ya Siti binti Saad

Miongoni mwetu sisi watumishi na wanafunzi wa theolojia, mwimbaji huhukumiwa mara nyingi kwa vazi lake kabla wimbo wake haujasikilizwa. Anayebadili sura yake jukwaani hushukiwa kwamba ameiuza nafsi yake. Katika makala hii tunakusudia kuipima hukumu hiyo kwa kumtazama Siti binti Saad. Habari zake zinatuhusu hata sisi wa Mkiwa tulio mbali na pwani. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na misafara ya zamani iliyotoka Unyamwezi kwenda pwani ilipita katika pori la Mgunda Mkali, ambalo barabara ya leo kutoka Mkiwa kwenda Itigi huelekea huko.

Siti alizaliwa katika utumwa huko Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu akitembea kwa miguu na kunadi bidhaa yake kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba, akapewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mbele ya watu aliimba akiwa amevaa buibui.

Mtu aweza kusema kwamba huko kulikuwa kujikweza. Lakini wakati wa utumwa, kujitanda kulikuwa alama ya waungwana, na mtumwa hakuwa na haki nayo. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka katika hali hiyo walilitwaa vazi la mabibi kuwa dai la utu wao. Kwa hiyo buibui la Siti lilisema jambo kabla hajafungua kinywa: aliyeitwa mali sasa ni mtu.

Hata hivyo, vazi peke yake lisingetosha. Taarab ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya wapishi na wachukuzi. Alialikwa kwa wakubwa, naye angeweza kuridhika na kuwafurahisha. Badala yake, yeye na wenzake walitunga nyimbo juu ya mambo ya mahakamani na mitaani. Wimbo wa Kijiti wasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji akatorokea bara, na wanawake waliofuatana na marehemu ndio wakafungwa. Hapo aliyevaa vazi la heshima aliwasemea wasioheshimiwa.

Mwaka 1928 alisafiri na kundi lake hadi Bombay kurekodi santuri. Safari hii ina fundisho kubwa kwa mhakiki. Santuri haina buibui. Wengi waliomsikia baadaye hawakumwona kamwe. Sauti ilifika ikiwa imevuliwa sura yote, nayo ikasimama.

Tumlinganishe na Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti. Yeye aliacha kujifunika uso, akapiga ngoma ya unyago mbele ya wageni wa Ulaya, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Alifariki mwaka 2013. Hatumlaumu kwa kuvua kile ambacho Siti alivaa. Hofu yetu ni juu ya watazamaji. Unyago ni mafunzo kwa wasichana. Ukifika ugenini bila wanafunzi wake, ni rahisi wageni kukumbuka ngoma na sigara ya bibi kizee, wasijue alichokuwa akifundisha. Sura iliyopendwa yaweza kuuficha ujumbe kuliko buibui lolote.

Basi hukumu tuliyoanza nayo ni dhaifu. Mmoja alijifunika na mwingine alijifunua, na wote wawili walibadili sura waliyopewa na ulimwengu. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, hakulaani vazi zuri. Alilaani kusanyiko linalompa mwenye vazi hilo kiti na kumsimamisha maskini. Kwaya zetu zinaposafiri na sare mpya, hatuna budi kuuliza kwanza ni nani asiye na sauti anayesemewa katika nyimbo zao. Kama hayupo, sare ya heshima kuliko zote haitawaokoa. Na kama yupo, tuwe wavivu kunung'unikia kitambaa.